Uzito wa Alimentation ya Shemeki

Visi ya mwisho ilikuwa imegoma. Niliisukuma kwa turnevisi, ikateleza, nikaisukuma tena. Kompyuta ya Aristote ilikuwa imelala ubavu mezani, tumbo wazi, na mwenyewe amesimama juu yangu kama mtu anayetazama ndugu yake akipasuliwa.

“Polepole, ndeko,” alisema. “Ile njo shamba yangu.”

“Niko polepole.”

“Mais unaitoa juu ya nini? Inawaka.”

“Inawaka, mais haibebe.”

Visi ikakubali. Nikaichomoa alimentation ya zamani, lile sanduku la chuma linalopokea courant, umeme wa ukutani, na kuigawia mashine nzima. Nikamwekea Aristote mkononi.

“Pima.”

Akaipandisha, akaishusha. “Iko mwepesi. Ni kama boîte ya sardine, na sardine bameshakula.”

“Soma sasa hapa pembeni. Kwa herufi kubwa bameandika wati mia sita. Chini, kwa herufi ndogo, pa mustari wa volti kumi na mbili, bameandika ampea kumi na saba. Zidisha.”

Aristote ni mwalimu wa secondaire, alitumwa Beni kutoka Kasai. Akazidisha kichwani. “Mia mbili na ine.”

“Njo ile tu. Processeur na carte graphique binakulaka paka pa ule mustari. Na miye nilikupandishia mwendo ya processeur kupita ile ya kiwanda. Sasa iko na njaa.”

“Donc ilikuwa inanidanganya.”

“Herufi kubwa njo zilikudanganya. Ndogo zilisema kweli.”

Baada ya masomo, Aristote anapiga na kuunganisha filamu za ndoa na za misa. Mashine yake ilikuwa inakwenda polepole, akaniomba niikimbize, nikaikimbiza. Tangu hapo, kila alipoanza kuunganisha picha za mwisho, ilizimika kama taa. Na Jumapili familia ya abbé Élisée, padri mpya, ilikuwa inangoja kuona misa yake ya kwanza.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, ajue haya machache. Naitwa Kahongya. Natengeneza mashine, na hakuna shule iliyonifundisha. Nilikuwa na karakana Butembo, na mke, Nadège. Juma lililopita nilieleza jinsi mteja alivyoniletea régulateur, kifaa cha kutuliza umeme, iliyotoka dépôt, yaani ghala la bidhaa, ya Kitsa, kaka mkubwa wa mke wangu, nami nikamwambia kwamba imekufa kabla ya kuzaliwa. Nilisema kwa sauti ya chini. Yeye akaenda kuirudisha dépôt kwa sauti ya juu, siku ya soko, mbele ya watu. Jioni ile Kitsa alikuja kumchukua dada yake. Mimi nikateremka Beni peke yangu, nikapanga chumba na karakana hapa mtaa wa Bungulu.

Kwetu, mwanaume aliyewaaibisha wakwe zake anapeleka mbuzi. Nilituma watu waulize mbuzi ya namna gani. Jibu halikuja. Halafu, siku moja kabla ya kazi hii ya Aristote, simu ikalia.

“Shemeki,” alisema Kitsa, “sitaki mbuzi yako. Mbuzi tutakula, itaisha. Jina yangu uliiharibu mbele ya batu. Utaitengeneza mbele ya batu.”

“Nifanye nini, shemeki?”

“Nasikia uko na client anatafuta alimentation. Kesho nakuletea moja, mupya, mu carton yake. Utaifunga mbele yake, na utasema na mudomo yako: iko muzuri. Nadège atakuwa mu gari. Ukisema, anabakia.”

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mdomo wangu ndio ule ule.

“Na kama haiko muzuri?”

Akacheka kidogo, bila furaha.

“Unaona? Bado haujaiona, umeshaanza.”

Hiyo ndiyo sababu alimentation mbili zilikuwa zinagombania meza yangu siku hiyo. Moja ilikuwa bado njiani na Kitsa. Nyingine ilikuwa mbele yetu, chafu, bila carton. Nilikuwa nimeipata kwa Hadassa, mama anayeuza vyombo vya occasion, mitumba kutoka Ulaya, upande wa Beu. Ilitolewa ndani ya mashine kubwa ya bureau, ya ofisini. Feni yake imegeuka rangi ya chai, lakini mstari wake wa volti kumi na mbili unatoa ampea arobaini na sita. Nilikuwa nimeibebesha mzigo asubuhi nzima, na volti hazikuteremka.

Aristote aliiangalia kwa jicho la pembeni.

“Hii ilikufa mu bureau ya nani?”

“Haikufa. Ilifanya kazi.”

“Hata mutu mwenye kufanya kazi ananawaka uso.”

Nilikuwa bado nacheka niliposikia gari likisimama nje.

Kitsa aliingia kwanza, carton chini ya kwapa, manukato mbele yake. Nadège alikuja nyuma, mfuko begani. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa Kinande, kwa heshima, kama unavyomsalimu baba wa rafiki yako, akabaki amesimama karibu na mlango. Mfuko hakuuteremsha.

“Donc huku njo kwako,” alisema Kitsa akizunguka macho. “Nilikuwa nazani ni chumba ya kuku.”

“Karibu, shemeki.”

“Kuku batanikaribisha bote? Aksanti.” Akamgeukia Aristote. “Na weye njo mwalimu. Nilisikia unakamataka batu ba ndoa na ba misa mu filme. Leo kamata hii.”

Akafungua carton. Alimentation ilikuwa nyeusi, inang’aa, na taa ndani ya feni. Aristote akafungua mdomo kama mtoto siku ya Noeli.

“Ah! Hii imenawa uso.”

Kitsa hakuiweka mezani. Aliniwekea mkononi.

“Pima, shemeki. Si weye njo ulifundisha Butembo muzima kupima?”

Ni kweli. Kule Butembo kila mtu anapima kwa mkono, kuanzia kahawa hadi viazi, kwa hiyo nilipokuwa nikiwaeleza wateja wangu kuhusu alimentation, nilitumia lugha wanayoijua. Iliyo nyepesi ni ya uongo, niliwaambia. Nzuri ina shaba na chuma kingi ndani, utaisikia mkononi. Maneno yale yalitembea kuliko mimi. Baadaye niliona hata mama wa mboga akiingia duka la kompyuta kununulia mtoto wake alimentation, anaiinua, anakunja uso, anaiweka chini.

Niliinua. Ilikuwa nzito. Nzito kweli.

Nawaambieni, nilisikia furaha. Nilimtazama Nadège, naye akatazama chini.

Nikasoma herufi ndogo: ampea hamsini na nne. Zilikuwa zinatosha na kubaki. Nikasema moyoni, nilimhukumu mtu bure.

Kisha nikaanza kuifunga, na mikono yangu ikaanza kuniambia mambo ambayo sikuyauliza. Uzito ulikuwa wote upande mmoja. Ukiishika katikati, inaelemea kona moja kama ndoo isiyojaa sawasawa. Na nyaya zilikuwa nyembamba. Waya wa kubeba ampea hamsini na nne hauwezi kuwa mwembamba kuliko ule wa redio yangu.

“Iko namna gani?” aliuliza Kitsa.

“Nafunga kwanza.”

“Unafungaka na mudomo? Nilikuuliza iko namna gani.”

Aristote alinitazama. Nadège alinitazama. Mfuko ulikuwa bado begani mwake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami bila haraka, kwa sababu jambo nililolifanya halikuchukua muda wa kutosha kumeza mate.

Kitsa alikuwa ameanza kumsimulia Aristote habari za barabara, jinsi lori la mbao lilivyowazuilia njia, na Aristote alikuwa amegeuka kumsikiliza. Niliwasha mashine. Kabla haijaamka vizuri, kuna kitufe ukikigusa inakuonyesha mipango yake ya ndani. Niligusa. Nikaigeuza skrini kidogo kuelekea ukutani. Nikairudisha processeur kwenye mwendo wa kiwanda, ule wa uvivu, ambao hata ile boîte ya sardine ilikuwa inaubeba bila shida.

Nikairudisha skrini ilipokuwa. Mashine ikaamka. Feni ikawaka taa za buluu na nyekundu.

“Aristote, anza kuunganisha.”

Akaanza. Sote tukasimama tukitazama mstari wa kijani ukitembea. Pale ambapo kila siku ilizimika, haikuzimika. Aristote akapiga makofi.

Kitsa hakupiga makofi. Alikuwa ananisubiri.

“Iko muzuri,” nikasema.

“Sikusikia.”

“Alimentation ya shemeki yangu iko muzuri.”

Akanikumbatia mbele ya mwalimu na mbele ya jirani mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni kuomba moto. Nadège akateremsha mfuko, akaupitisha ndani, na baada ya kidogo nikasikia sufuria zangu zikiguswa na mtu anayejua sufuria. Walikuwa wameleta maharage ya Butembo na vitunguu. Harufu ikajaa karakana. Kitsa akaenda kukaa ndani kungoja chakula, akinyoosha miguu kama mwenye nyumba.

Nilikuwa na mke. Nilijiambia, Jumapili itapita, filamu itakwisha polepole, na juma linalokuja nitambadilishia Aristote alimentation bila kelele, nimfungie ile ya Hadassa. Nilikuwa na mpango. Mimi daima nina mpango.

Aristote alibaki mbele ya skrini, kidevu mkononi.

“Ndeko, inatembea kama mutu wa matanga.”

“Iache. Kazi ya mwisho inakamataka muda.”

“Hapana. Ile siku ulipandisha mwendo, ilikuwa inakimbia mbele ya kuzimika. Leo haikimbie.”

“Iache tu, Aristote. Twende tukule.”

“Enda, nakuja.”

Nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa nimekaa mbele ya sahani, Kitsa ananisogezea maharage kwa mkono wake mwenyewe, Aristote alipopaza sauti kutoka karakana, sauti ya mtu aliyefurahi.

“Ndeko! Nimeona. Tulipoikata courant, mashine ilijisahau! Ilirudia mwendo ya zamani. Hapana jisumbua, nimeirudishia. Nilikuona ile siku vile ulifanya.”

Niliinuka nikiwa na bugali mdomoni. Sikufika mlangoni.

Ilisikika pah, si kubwa, kama mtu aliyepasua mfuko wa chumvi. Taa za buluu na nyekundu zikafa. Ikaja harufu, ile ya plastiki inayoungua, ikaipita harufu ya maharage.

Aristote alikuwa amesimama, mikono hewani. “Sikugusa kitu, ndeko. Nilirudisha tu.”

Nikachomoa waya wa ukutani. Nikaitoa alimentation nyeusi, nikaishika kwa viganja viwili. Upande mmoja ilikuwa moto hadi nikataka kuiachia. Upande wa pili, ule wenye uzito wote, ilikuwa baridi. Shaba ingekuwa imepata moto. Chuma cha kupoza kingekuwa kimepata moto. Kilichokuwa kinaleta uzito mle ndani hakikuwa kinafanya kazi yoyote.

“Fungua,” alisema Aristote.

Nikaweka turnevisi kwenye visi ya kwanza. Ikatoka. Nikatoa ya pili.

“Acha.”

Kitsa alikuwa mlangoni, vidole bado vina mchuzi. Hakupandisha sauti.

“Tangu wakati gani mutu anapasuaka kitu ya ba shemeki yake mbele ya macho yabo? Unafungua juu ya kutafuta nini? Mwizi?”

“Natafuta juu ya nini imekufa, shemeki.”

“Imekufa juu huyu mwalimu aliikimbiza. Weye uliipima. Ulisoma. Ulisema iko muzuri, jirani alisikia. Ao leo unakula maneno yako?”

Aristote akaingilia kati. “Mutukufu, mwendo ile si yangu. Ni ya fundi mwenyewe, iko vile tangu zamani. Alimentation tulikuwa tunatafuta ni ya kubeba mwendo ile. Njo maana ya kuitafuta.”

Ni mwalimu, amezoea kutazama nyuso za wanafunzi. Akaniangalia.

“Kahongya. Mashine haikujisahau.”

Nikaweka turnevisi mezani.

“Ni weye uliishusha?”

Kama angenitukana ingekuwa afadhali. Alikunja tu waya zake moja moja, akazifunga kwa mpira.

“Filme ya abbé iko mule,” alisema. “Nilikuletea juu batu balisema: kule Bungulu kuko fundi mumoja hasemake uongo, hata pa kujiharibia. Kesho asubui narudi. Nataka nione ndani ya ile sanduku na macho yangu. Kama sioni, nitabeba mashine yangu kwa mwengine.”

Akatoka. Hata chakula hakugusa.

Kitsa akanawa mikono taratibu, akajipangusa, akachukua funguo za gari. Watu wa mtaa walikuwa wameanza kuvuta milango, maana huku kwetu siku hizi tunafunga mapema kwa sababu ya usalama, jua bado lipo.

“Nalala Beu, kwa Muyisa, ndugu ya mama,” alisema. “Kesho asubui napanda Butembo, nitapita hapa. Nikikuta ile kitu iko yenye kufungwa, mudogo yangu anabakia, na miye mwenyewe nitaambia mwalimu ni courant ya Beni ilileta ajali. Nikikuta wazi, anaingia mu gari. Na hapana tuma mutu kuniuliza mbuzi.”

“Shemeki, unajua kuko nini mule ndani?”

Akazungusha funguo kidoleni. Sisemi Kitsa ni mtu mbaya. Watoto wa marehemu baba yake wote wanasoma kwa mkono wake.

“Miye nauzishaka ma carton,” akasema. “Sifungulake ma carton.”

Gari likaondoka. Nikarudi mezani, nikawasha torchi, nikachungulia kupitia matundu ya feni. Kwenye kona ya baridi niliona kitu cha kijivu, kikavu, chenye mikwaruzo. Kiwanda gani kinatia kitu kama hicho? Nikashika turnevisi.

“Zimebakia visi ngapi?”

Nadège alikuwa nyuma yangu, anapangusa sahani.

“Mbili.”

“Uache.”

“Nadège, mule ndani kuko kitu.”

“Najua. Ni ciment.”

Aliitaja saruji kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nikaweka torchi chini.

“Zilifika zenye wepesi,” akaendelea. “Carton nyingi, dépôt muzima. Mutu anaingia, anainua, anaweka chini, anatoka. Yaya Kitsa akaniuliza, batu ba Butembo biko na ugonjwa gani? Nikamuambia, hapana ugonjwa, banapima. Juu nilikusikiaka, ulisemaka ile maneno kila siku tukikula.”

“Na ciment?”

“Alichanganya mwenyewe, mu kikombe. Miye nilikuwa nafungua na kufunga. Mikono yangu iko midogo, haikwaruzake rangi.” Akaitazama mikono yenyewe. “Hii naijua. Visi moja ilinisumbua. Ukifungua mbele ya mwalimu, hautamukuta yaya mule ndani. Utanikuta miye.”

Nikazikusanya visi mbili zilizotoka, nikazipanga mezani.

“Alikulazimisha?”

“Nilikuwa nalala kwake. Nilikuwa nakula kwake. Weye ulikuwa Beni na kweli yako.”

“Na leo, ulijua itakufa?”

“Nilijua. Niliposhuka mu gari nilikuwa nasema, ataiona, atasema, nitarudi Butembo, basi. Kisha nikakusikia: iko muzuri. Nikafurahi, Kahongya. Nikaingia nikawasha moto, nilikuwa naimba.” Aliweka sahani juu ya nyingine. “Kisha nikaogopa. Haukusemaka uongo mbele yangu. Na ulisema ile bila sauti kutetemeka. Nikajiuliza, huyu mutu mwenye nimerudilia, ni nani?”

Nje mtu alikuwa anaita mbuzi wake waingie. Courant ikapungua, taa ikawa nyekundu, ikafa. Tukabaki na mwanga mdogo wa dirishani, na lile sanduku jeusi katikati yetu, visi mbili zimelala mezani, mbili bado zimeshika.

“Utafungua?” aliuliza.

“Kesho.”

“Mbele ya nani?”

“Sijui.”

Akapangusa mikono kwenye kitenge. Akanyoosha mkono, akaitoa turnevisi kwenye vidole vyangu bila nguvu, nami nikaiachia. Akaingia nayo chumbani, akarudisha mlango.

Sikujua kama ameichukua ili nisifungue, au ili afungue yeye.